Pembe Iotayo Mtini

Mtu akiambiwa kwamba tembo hutoka mtini hatashangaa, maana kila mkazi wa pwani ajua kwamba mgema hupanda mnazi na kushuka na tembo katika kibuyu. Lakini akiambiwa kwamba hata pembe hutoka mtini, yaani ile pembe nyeupe, ngumu, ing'aayo, ambayo kwa ajili yake maelfu ya ndovu wameuawa, atadhani kwamba anafanyiwa mzaha. Hata hivyo uko mti ambao kokwa zake, zikisha kukomaa na kukauka, hufanana na pembe ya ndovu kwa rangi, kwa ugumu na kwa mng'aro, hata mtu asiye na ujuzi hawezi kuzipambanua akiziona katika mkufu au bangili.

Mti huo huitwa tagua. Haumei katika Afrika. Huota katika misitu ya mvua nyingi ya Amerika, tangu Panama, kupitia Kolombia na Ekuador, hata Peru, Bolivia na Brazili. Mwaka 1798 wataalamu wawili wa mimea kutoka Hispania, Hipólito Ruiz na José Pavón, waliuandika katika vitabu vya elimu na kuupa jina Phytelephas, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni "mmea-ndovu".

Katika makala hii twataka kueleza jinsi kokwa hizo zipatikanavyo, jinsi wenyeji wa asili wa Panama wazigeuzavyo kuwa mapambo, na kwa nini jambo hilo, ingawa latendeka ng'ambo ya bahari mbali nasi, lina maana kwetu sisi tukaao katika nchi ya ndovu.

MTI WENYEWE

Mti wa tagua ni wa jamii moja na mnazi, mtende, mvumo na mkindu, lakini hauendi juu kama mnazi. Aina iotayo Panama na Kolombia ina shina fupi ambalo mara nyingi hulala juu ya ardhi, na ncha yake tu ndiyo huinuka na kutoa majani marefu yaliyopangika kama manyoya. Aina ya magharibi ya Ekuador husimama wima. Zote hupenda kivuli cha miti mikubwa na udongo wenye unyevu kando ya mito. Mahali pengine humea mingi pamoja hata mtu akaweza kwenda mwendo mrefu asione mti mwingine chini ya ile mirefu.

Kama vile mpapai, tagua huwa na mti dume na mti jike. Dume hutoa maua yenye harufu kali. Mbawakawa wadogo huvutwa na harufu hiyo, nao ndio wachukuao chavua kutoka dume hata jike. Jike huzaa vichwa vikubwa vya matunda, kila kimoja kiasi cha kichwa cha mtu au zaidi, na ganda lake la nje limejaa vinundu vigumu vyenye ncha. Ndani ya kichwa hicho mna matunda kadhaa yaliyobanana, na katika kila tunda mna kokwa nne, tano au zaidi. Kokwa moja ni kiasi cha yai la kuku.

Mti huu hauna haraka. Aupandaye hungoja miaka 10, hata 15 au zaidi, kabla hajaona tunda la kwanza. Lakini ukisha kuanza kuzaa, huendelea maisha ya mtu mzima na kupita. Hapana budi kusema kwamba ni mti ambao baba huupanda kwa ajili ya mwanawe, na pengine kwa ajili ya mjukuu.

TOKA MAJI HATA PEMBE

Ajuaye mnazi ataelewa upesi jinsi kokwa ya tagua inavyogeuka. Kokwa changa imejaa maji safi, na msafiri mwenye kiu huweza kuyanywa kama anywavyo maji ya dafu. Baadaye maji yale huganda na kuwa kitu laini kama nyama ya dafu, nacho huliwa. Hapo ndipo njia zinapoachana. Nazi huishia kuwa nazi, bali tagua huendelea kukaza na kukaza, mpaka kile kilicholiwa kwa kijiko sasa hakikatwi ila kwa msumeno.

Sababu yake ni hii. Kila mbegu huweka akiba ya chakula kwa ajili ya mche utakaozaliwa. Katika hindi akiba hiyo ni wanga, na katika karanga ni mafuta. Katika tagua akiba ni aina ya sukari ambayo imeungamana na kushindiliwa katika kuta nene za chembechembe zake. Mche unapoota, huiyeyusha akiba hiyo kidogo kidogo na kuila. Basi pembe hii si jino wala mfupa. Ni posho ya mche ambao haujazaliwa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa fundi. Kokwa iliyokatwa mtini kabla ya wakati wake haina nguvu, nayo husinyaa ikikauka. Kokwa iliyo bora ni ile iliyokomaa na kuanguka yenyewe. Kwa hiyo faida ya fundi na faida ya mti zimefungamana: asiye na subira hupata hasara, na mti huachwa umalize kazi yake.

VIFUNGO VYA DUNIA NZIMA

Wasomaji wengine wataona ajabu kusikia kwamba huenda babu zao, kama walivaa koti au shati lililotoka Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili, walikuwa na tagua kifuani wasijue. Katika karne ya 19 kokwa hizi zilianza kupelekwa Ulaya na Marekani kwa meli, na viwanda vya Ujerumani, Italia na Uingereza vilizikata kuwa vifungo. Katika Marekani mji uliosifika kwa kazi hiyo ulikuwa Rochester, katika jimbo la New York. Yasemekana kwamba karibu na mwaka 1920 kifungo kimoja katika kila vitano vilivyotengenezwa Marekani kilikuwa cha tagua. Ekuador peke yake ilisafirisha zaidi ya tani 25,000 katika mwaka 1929.

Kisha ikaja plastiki. Baada ya vita, vifungo vya plastiki vilitengenezwa kwa haraka na kwa bei ndogo, wala havikudhurika kwa kufuliwa katika maji ya moto. Biashara ya tagua ikaanguka. Kokwa zikaachwa zikioza chini ya miti, na watu waliokuwa wakiishi kwa kuziokota wakatafuta riziki nyingine. Wengi walifyeka msitu ili wapande migomba au wafuge ng'ombe, kwa maana mti usio na bei huonekana kuwa gugu tu. Hilo ni jambo la kukumbukwa, nasi tutalirudia.

MWAKA WA PEMBE

Tagua ilirudi kukumbukwa kwa sababu ya msiba uliotokea huku kwetu. Katika Kenya, ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 katika mwaka 1973 walipungua hata wakabaki wapatao 16,000 katika mwaka 1989. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe, na pembe hizo zilikwenda kuwa bangili, mikufu, mihuri na sanamu ndogo katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona ndovu hata mmoja. Mwezi wa Julai mwaka 1989, Rais Daniel arap Moi alitia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ili dunia ione kwamba Kenya haitaki fedha hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mataifa yaliyo katika mapatano yaitwayo CITES yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Mwaka 2016 Kenya ilichoma tena pembe, na mara hii zilikuwa tani 105.

Basi wafanyaji na wauzaji wa mapambo wakaanza kutafuta kitu kingine cheupe, kigumu na kizuri. Wakati huo huo watu waliohuzunishwa na kufyekwa kwa misitu ya Amerika ya Kusini walitafuta njia ya kumfanya mkulima aone faida ya kuuacha msitu usimame. Mwaka 1990 chama kiitwacho Conservation International kilianza mpango wa tagua katika Ekuador, upande wa kaskazini magharibi, mahali ambapo wakazi wengi ni wazao wa Waafrika. Kokwa zilinunuliwa kwa wanakijiji, zikakatwa, na vifungo vikauzwa kwa makampuni ya nguo ya Marekani. Kokwa iliyokuwa takataka ikawa mali tena.

WAEMBERA NA WAWOUNAAN

Lakini tukitaka kuona tagua ikigeuzwa kuwa kazi ya usanii, yafaa tusafiri hata Darién, pande za mashariki za Panama. Huko ndiko iishiapo ile barabara kuu itokayo kaskazini mwa Amerika. Ikifika mji mdogo wa Yaviza hukoma, na kutoka hapo hata Kolombia ni msitu, mito na vinamasi. Katika msitu huo na kando ya mito hiyo wakaa watu wa makabila mawili, Waembera na Wawounaan. Lugha zao ni ndugu lakini hazisikilizani. Kwa desturi wamejenga nyumba zao juu ya nguzo ili maji na wanyama wasiingie, wakaziezeka kwa majani ya miti ya jamii ya mnazi, na njia yao kuu ni mto na mtumbwi. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba katika Panama Waembera walikuwa zaidi ya 31,000 na Wawounaan zaidi ya 7,000.

Tangu zamani wanawake wa makabila haya ni wasusi hodari. Huchukua nyuzi za majani machanga ya mti uitwao chunga, ambao shina lake lina miiba mirefu myeusi, wakasuka vikapu ambavyo mshono wake umekazana sana. Rangi zao hutoka katika mimea. Rangi nyeusi hutoka katika tunda la jagua, ambalo pia watu hujipaka mwilini kwa mapambo. Rangi ya njano hutoka katika manjano, ile ile itiwayo katika mchuzi wa kwetu. Rangi nyekundu hutoka katika mbegu za mzingefuri, ambao wakulima wa Kwale wameujua miaka mingi kwa jina la bixa. Mzingefuri asili yake ni Amerika, nao ulivuka bahari ukaja kwetu.

Wanaume nao walikuwa wachongaji wa miti, hasa kokobolo, mti mgumu wenye rangi nyekundu ya kuvutia. Katika miaka ya karibuni, tangu 1980 na kitu, wengi wamegeukia kuchonga tagua. Hufanya sanamu ndogo za ndege, vyura, kasa na chui wa msitu wao, na pamoja na hizo vidani, herini, shanga na bangili.

JINSI KAZI IFANYWAVYO

Kwanza kokwa huokotwa msituni. Nyama iliyozizunguka huondolewa, au huachiwa wanyama waile, kisha kokwa huanikwa mahali pakavu kwa majuma mengi, mpaka kiini kijitenge na ganda na kulia ndani kikitikiswa. Fundi akifanya haraka hapa, kazi yake itapasuka baadaye shingoni mwa mnunuzi, na jina lake litaharibika.

Kokwa iliyokauka hupasuliwa ganda, na ndani hutokea kiini chenye ngozi ya rangi ya kahawia. Mafundi wengine huibandua ngozi yote ili weupe uonekane, na wengine huiacha sehemu fulani ili iwe pambo, kama mgongo wa kasa au pindo la kidani. Hapo tena fundi huangalia umbo la kokwa aliyoishika, maana hapana mbili zilizo sawa, na mara nyingi katikati ya kiini mna uwazi au ufa. Akitaka shanga kubwa, hukata vipande akiuepuka ufa ule. Akitaka sanamu, huchora kwa penseli, hukata kwa msumeno mdogo, hulinganisha kwa tupa, kisha huchonga kwa visu vyembamba au kwa chombo kidogo chenye mota. Shanga hutobolewa kwa keekee.

Baada ya hayo huja kazi ya kulainisha. Kipande husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, kisha laini zaidi, na mwisho husuguliwa kwa kitambaa mpaka king'ae. Wengine hukiacha cheupe, ambacho kwa kadiri miaka ipitavyo hugeuka rangi ya maziwa yaliyoganda, kama pembe yenyewe. Wengine hukitia rangi, kwa kuwa tagua hunywa rangi vizuri sana. Unga unaobaki na vipande vidogo visivyofaa havipotei, maana katika Ekuador unga huo umetumiwa kama chakula cha wanyama.

Sanamu moja ndogo ya fundi hodari huweza kumshughulisha siku kadhaa. Mtu aionaye sokoni na kuanza kupunguza bei yafaa afikiri siku hizo, na pia miaka ambayo mti uliingoja kokwa ikomae.

KUVUNA BILA KUHARIBU

Watu wengi husema kwamba mapambo ya mbegu hayana madhara kwa msitu, kwa kuwa mti haukatwi. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Mbegu ni mtoto wa mti. Watu wakiokota kila mbegu mwaka baada ya mwaka, miti iliyopo itaendelea kuzaa, na hakuna atakayeona upungufu, mpaka ile mizee itakapoanza kufa na chini yake pasiwe na mche hata mmoja.

Katika misitu ile yuko mnyama mdogo mwenye meno ya panya, aitwaye aguti. Yeye hula nyama ya tunda, kisha huchukua kokwa nyingine na kuzifukia ardhini ziwe akiba, na zile anazozisahau ndizo ziotazo. Kwa hiyo mwokotaji mwenye busara huacha sehemu ya kokwa pale zilipoanguka. Tena hakati kichwa cha matunda kilicho kibichi. Tena hachumi majani yote ya mti mmoja kwa kuezekea, maana mti uliovuliwa majani hauna nguvu ya kuzaa.

Jambo la nne ni lile la dume na jike. Mkulima asafishaye shamba lake huweza kusema, "Dume hazai, basi na lifyekwe." Yeyote aliyewahi kuikata mipapai dume yote shambani kwake na kuona matunda yakipungua ajua mwisho wa shauri hilo. Bila dume hapana chavua, na bila chavua jike hubaki tasa.

HATARI ZILIZOPO

Tusidhani kwamba mafundi hawa wa Darién wakaa katika raha. Kwa sheria ya mwaka 1983 Serikali ya Panama iliwatengea Waembera na Wawounaan jimbo lao wenyewe, lakini vijiji vingi vilibaki nje ya mipaka yake. Kwa hao ilitungwa sheria nyingine mwaka 2008, iwezeshayo kijiji kupata hati ya kumiliki ardhi yake kwa pamoja. Hati hizo zimepatikana polepole, na wakati watu wakingoja karatasi, wafugaji walisogeza nyua zao na wakataji wa magogo waliingia msituni.

Walichokifuata hasa ni kokobolo, ambao mbao zake ziliuzwa ng'ambo kwa bei kubwa mno. Mwaka 2012 ugomvi juu ya miti hiyo ulileta umwagaji wa damu katika nchi ya Wawounaan. Mwaka uliofuata, 2013, kokobolo uliingizwa katika orodha ya CITES ili biashara yake isimamiwe.

Hapo ndipo tuonapo uzito wa kazi ya tagua. Mtagua hupenda kivuli cha miti mikubwa. Ukikata miti mikubwa yote, kile kivuli kinakwisha, na mbawakawa na aguti wanaondoka. Basi yule fundi akaaye barazani akisugua kidani kwa msasa anahitaji msitu mzima usimame nyuma ya nyumba yake. Akipata bei ya haki kwa kazi yake, ana sababu ya kuulinda. Akinyonywa na wachuuzi wanunuao kwa bei ya bure na kuuza mjini kwa faida nyingi, au akishindwa na mapambo ya plastiki yaliyofananishwa na tagua, siku moja mtu atakuja na fedha mkononi kwa ajili ya magogo, na fundi hatakuwa na nguvu ya kusema hapana.

KUIPAMBANUA NA PEMBE YA NDOVU

Wengine huuliza kama tagua haiwezi kutumiwa na wadanganyifu kuficha pembe ya kweli. Wataalamu wana njia za kupambanua. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa kuvuka ina mistari inayopishana, kama wavu au kama ukili uliosukwa. Tagua haina mistari hiyo, bali ina nyuzi nyembamba zizungukazo kwa kufuata umbo la kokwa. Tena, tone dogo la asidi ya salfuriki likiwekwa juu ya tagua hugeuza mahali hapo rangi ya waridi baada ya dakika 12 hivi, na pembe ya ndovu haigeuki hivyo. Lakini asidi hiyo huunguza vibaya ngozi na macho, kwa hiyo kazi hiyo ni ya wataalamu, wala mtu asiijaribu nyumbani. Kwa mtu wa kawaida yatosha kukumbuka kwamba tagua ni ndogo. Kipande kikubwa kilicho kimoja, kirefu kuliko kiganja cha mkono, hakiwezi kutoka katika kokwa.

Yafaa pia tuseme kweli: tagua peke yake haimwokoi ndovu. Mtu atakaye pembe kwa sababu ya ufahari hataridhika na kokwa. Ndovu huokolewa na sheria, na askari wa wanyama, na wenyeji waonao faida ya kukaa naye, na wanunuzi waonao haya kuvaa mauti yake. Tagua huonyesha tu kwamba shingo ya mtu yaweza kupambwa kwa kitu cheupe kizuri pasipo kuua.

NA HUKU KWETU?

Mtagua haumei kwetu, lakini ndugu yake mmoja yupo. Ni mkoma, ambao wengine huuita mkoche, ule mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake hugawanyika matawi. Wapo pwani, na wapo wengi kando ya mito ya Turkana, ambako watu hula nyama ya tunda lake na wanawake husuka vikapu vya majani yake. Kokwa ya mkoma nayo ina kiini kigumu cheupe, na kokwa za mkoma za Eritrea na Sudan ziliwahi kupelekwa Ulaya zikakatwa vifungo. Kiini chake kina uwazi katikati, kwa hiyo hakifai kwa sanamu kubwa, bali pete na shanga zaweza kutoka humo.

Hatusemi kwamba kila mtu aache jembe akachonge kokwa. Twasema tu kwamba kabla ya kukiita kitu takataka, yafaa kukitazama mara ya pili. Na atakayeanza, na aanze pamoja na masharti ya Darién: aokote kilichoanguka, aache sehemu kwa ajili ya kuota, wala asikate jani changa la katikati la mkoma mdogo, maana hilo ndilo moyo wake. Tena asichague mbegu kwa uzuri tu. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri hupendeza sana katika mkufu, lakini ndani zina sumu iwezayo kuua, nazo hazifai kabisa katika nyumba yenye watoto.

Wachongaji wa Kikamba wamekwisha kuona somo hili kwa macho yao. Kwa miaka mingi walichonga muhugu na mpingo, na wateja walizidi, na miti ilipungua, hata wakalazimika kuifuata mbali. Ndipo wengi wakageukia mwarobaini na mwembe, miti ikuayo upesi na kupatikana mashambani. Mwanzoni wako waliosema kwamba mnunuzi atakataa. Lakini mnunuzi alinunua, kwa kuwa alichokipenda tangu mwanzo ni mkono wa fundi.

Basi, msomaji, siku utakapoona dukani kidani cheupe na kuambiwa kuwa kimetoka kwenye mti, usicheke. Uliza ni mti gani, na nani alikichonga, na kama alilipwa vema. Kama ni tagua ya kweli, usiiache majini, kwa kuwa hunywa maji na kulegea. Ifute kwa kitambaa kikavu, na itakaa miaka mingi. Nasi tulio na ndovu hai katika nchi yetu tuna sababu ya kuwatakia heri mafundi wale wa mbali, wasugua kokwa kwa msasa kando ya mto, kwani kila bangili ya tagua ni bangili moja ambayo haikumgharimu ndovu jino lake.